Mama Mlezi na Mfungo wa Macho

Sauti ninayoikumbuka hadi leo ni ya simu zikitetemeka ndani ya sufuria. Sufuria kubwa ya alumini, ile ya kupikia wali wa watu ishirini, imefunikwa, na ndani yake simu kumi na tatu zimepangana kama mikate. Mmoja wetu akipigiwa, sufuria nzima inanguruma: grrr, grrr, na mfuniko unacheza. Sisi tumefumba macho tunaomba, lakini moyoni kila mmoja anajiuliza, ni yangu? Mama Mlezi hakuwa anafumbua hata jicho moja. Alisema tu, katikati ya sala, kwa sauti ile ile aliyokuwa akizungumza nayo na Mungu: "Na hiyo nayo, Baba, itangoja."

Alikuwa mlezi wa ushirika wetu wa akina dada katika nyumba za wafanyakazi kule Dubai Investments Park. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho cha kazi tu, na sidhani kama kuna aliyewahi kulitumia. Hata Wahindi wa duka la chini walimwita Mama Mlezi. Nilimjua kwa miaka minne. Nilimpenda, na nasema hivyo mapema ili asije mtu akadhani nimekaa hapa kumchafua mwenzangu. Nilimpenda, nilimwamini, naye alichukua neno nililolitoa mbele za Mungu akalisafirisha, likamfikia mama yangu kabla sijamfikia mimi. Tangu hapo mama na mimi tukawa tunaongea kama watu wawili wanaongojea basi moja. Mvua imenyesha? Imenyesha. Mahindi? Yako sawa. Haya.

Kazi yake ilikuwa dobi. Alisimamia chumba cha kufulia na kupiga pasi katika hoteli moja Al Barsha, wanawake saba chini yake, na mikono yake ilinuka wanga na mvuke hata siku za mapumziko. Alikuwa anasoma mashati jinsi wengine wanavyosoma magazeti. "Shati halijui kudanganya," alituambia. "Mtu anayekula akiangalia sahani, shati lake ni safi. Anayekula akiangalia televisheni, mchuzi uko hapa." Na hapo anajigonga kifuani kwa kidole. Alisema miaka yake ya kwanza Dubai mchuzi ulikuwa kwa wanaume peke yao. Siku hizi uko kwa mabwana, kwa mabibi, kwa watoto, hadi kwa maharusi.

Msichana mpya akiletwa na basi la kampuni, Mama Mlezi alimpokea mlangoni na blanketi na chai. Mimi nilipofika, nilikuwa nimevaa sweta ya Kitale kwenye joto lile, nikakataa kuivua kwa sababu mama alinishonea kwa ajili ya safari. Hakunicheka. Aliniambia, "Vaa, mwanangu. Ukichoka na ukaidi utaivua mwenyewe." Niliivua baada ya dakika kumi. Nilipougua homa mwezi wa pili, alinikanda kwa kitambaa siku tatu, akitoka kazini anakuja moja kwa moja kwangu, viatu hajavua. Mtu kama huyo ukimwambia jambo lako, unajua umeliweka mahali.

Vita vyake vilikuwa na vioo. Yeye aliita hivyo vitu vyote vioo: televisheni, simu, kompyuta, zile skrini ndogo zinazotangaza manukato ndani ya lifti. "Tumbo likizidiwa hutapika," alisema. "Jicho likizidiwa linaomba kuongezwa." Kwa hiyo akatutungia mfungo ambao sijausikia kwingine popote. Aliuita mfungo wa macho. Kuanzia Alhamisi jua likizama mpaka Ijumaa ushirika ukiisha, hakuna kuangalia kioo chochote. Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu kule. Simu ziliingia sufuriani kabla ya wimbo wa kwanza na kutoka baada ya chai. Wengine walinung'unika, lakini ukikaa masaa yale bila kioo unaanza kusikia vitu. Unasikia mwenzako ana mafua. Unasikia kwamba yule wa kitanda cha juu hajacheka wiki nzima.

Mwanaisha wa Mombasa, tuliyekaa naye chumba kimoja, hakuwa wa ushirika kwa sababu ni Mwislamu, lakini alikuwa anatukaangia mahamri ya chai ile. Alikuwa anamtania Mama Mlezi bila woga. "Mama, hiyo sufuria yako siku moja nitaitia maji niichemshe, tunywe supu ya simu."

"Chemsha," Mama Mlezi anamjibu. "Lakini anza na yako, iliyo na wanaume watatu ndani."

"Wawili! Wa tatu ni mwenye duka, wallahi."

Sasa nami kazi yangu ilikuwa wapi? Kwenye hivyo vioo vyenyewe. Nilikuwa mhudumu katika ukumbi wa michezo ndani ya jumba kubwa la maduka. Mashine zaidi ya mia zinapiga kelele kwa pamoja, taa hazijui mchana wala usiku, na kila mashine inatapika tiketi za karatasi ambazo mtoto anazikokota sakafuni kama mkia ili akapewe mdoli. Nilimwona mtoto wa miaka sita akifanyiwa sherehe ya kuzaliwa yenye moshi, mapovu, na uso wake mwenyewe kwenye skrini iliyo kubwa kuliko nyumba yetu ya nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa amelala chini ya meza, amejifunika kitambaa cha meza. Nikamwacha alale.

Lakini nisidanganye, niliupenda ukumbi ule. Nilikuwa na ndoto. Ningerudi Kitale nifungue ukumbi mdogo karibu na stendi, mashine moja tu ya kucheza dansi, na watoto wanaotoka shule wangepanda kwa zamu. Nilikuwa nimeshauchagulia rangi, kijani. Mama Mlezi nilipomweleza hakunikatisha tamaa kama nilivyotarajia. Aliuliza, "Na mama zao watakaa wapi wakiwangoja?" Nikasema sijafikiria. "Fikiria viti," akaniambia.

Alikuja kunitembelea kazini mara moja. Alisimama mlangoni na mkoba kifuani kama mtu aliyeingia nyumba ya wagonjwa. Kwenye meza ya chakula alikuwepo baba, mama na watoto wawili, kila mmoja ameinamia kioo chake, chipsi zimepoa. Mama Mlezi akawaangalia mpaka nikaona haya. "Hawa," akaninong'oneza, "wanakula na nani?" Kisha nikampeleka kwenye ile sehemu ya theluji, mahali watu wanapoteleza na makoti mazito nyuma ya kioo na nje jua linachoma lami. Akasema Mungu alipoumba jangwa hakusahau kitu. Ila baada ya kusema akaweka kiganja chake kwenye kioo, asikie baridi, na hakukitoa. Alikaa hivyo, uso umelegea kama wa msichana, mpaka askari mlinzi akamwambia, "Yalla, mama, sogea kidogo."

Alikuwa na mambo ya namna hiyo. Hakuangalia tamthilia, lakini ukuta wa chumba chake ulipakana na cha Waganda waliokuwa na televisheni, na alijua kisa chote kwa masikio: nani kaachwa, nani mimba si ya mumewe. Akitokwa na neno tunamcheka, naye anasema, "Ukuta ndio mwembamba, si mimi." Na katika sisi sote, simu nzuri kuliko zote ilikuwa yake. Mgeni wa hoteli aliiacha, hakurudi kuitafuta, miezi ikapita, wakubwa wakampa kwa kuwa ndiye aliyeiokota na kuipeleka. Ilikuwa na kamera. Alisema ni ya dharura.

Simu hiyo haikuwa inaingia sufuriani. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana sababu ilikuwa mbele yetu: ndiyo iliyokuwa saa ya ushirika. Kila shuhuda alipewa dakika tano. Mama Mlezi aliisimamisha simu mezani, ameiegemeza kwenye Biblia, inamtazama anayetoa ushuhuda, na dakika zikiisha inawika kama jogoo. Tulizoea kuongea mbele yake kama unavyozoea kuongea mbele ya paka.

Ushuhuda wangu niliutoa mwaka wangu wa tatu. Nilikuwa nimeubeba miezi minane.

Nilisema hivi. Kwamba asubuhi kabla ukumbi haujafunguliwa, wahudumu tuliruhusiwa kuzijaribu mashine, na mimi nilikuwa mtumwa wa ile ya dansi, unayopanda jukwaani na kukanyaga mishale inayopanda kwenye skrini. Kwamba asubuhi moja nilikuwa nakaribia kushinda watu wote, jina langu lingekaa juu kabisa, na simu yangu ikatetemeka kwenye kile chuma cha kushikilia. Nikaona imeandikwa Nyumbani. Baba alikuwa amelazwa kwa presha. Nilijua amelazwa. Nikaipindua ile simu uso chini nikaendelea kucheza. Ikapiga mara tano. Nikaendelea kucheza. Baba alikuwa ameomba asikie sauti yangu.

Nikasema, mama aliponiuliza, nilimdanganya kwamba simu ilikuwa kabatini. Kwamba madam wetu wa kazini anatufungia simu. Mama akaamini, na kila akinipigia anamlaani yule madam: huyo mwanamke aliyemnyima mume wangu sauti ya mtoto wake, Mungu atamwona. Na madam wetu, Mlebanoni mpole, ndiye siku ile aliyenipa simu yake mwenyewe, yangu ilipoishiwa salio, akanishika bega nikilia.

Kisha nikasema yaliyobaki. Kwamba wimbo ulipoisha nilipiga, akapokea mjomba, na nilijua kwa jinsi alivyovuta pumzi kwamba baba hayupo tena. Kwamba nililala pale pale kwenye jukwaa la mashine, taa zinawaka chini ya uso wangu. Kwamba sijaikanyaga tena. Kwamba Desemba nikienda likizo nitapiga magoti mbele ya mama nimwambie kwa mdomo wangu, na sitaki ajue kwa njia nyingine yoyote, na nawaomba dada zangu waniombee nipate ujasiri. Walinizunguka wakaniwekea mikono. Mama Mlezi alilia zaidi ya wote. Mikono yake ya wanga iliniloanisha kichwa.

Wiki tatu baadaye Mwanaisha alirudi kutoka duka lake la manukato kabla ya saa yake. Akafunga mlango.

"Shoga, kaa kitako."

"Kuna nini?"

"Kaa kwanza. Wamenirushia kitu kwa bluetooth kazini. Mimi sijakirusha kwa mtu, naapa." Akanipa simu yake, kisha akainyang'anya. "La, usitazame. Ni weye. Unazungumza habari za babako."

"Nani alinirekodi? Simu zote zilikuwa sufuriani!"

Nami sikungoja ajibu, kwa sababu nilipolisema neno sufuria ndipo nilipoiona akilini ile Biblia, na kile kilichokuwa kimeiegemea.

Nilimkuta Mama Mlezi anakunja mashuka yake. Hakukana, na hilo nampa. Akasema, "Nilimpa mmoja tu." Mmoja huyo alikuwa dada aliyekuwa anaenda likizo nyumbani. "Vijana wa kwetu wamepotea kwenye simu, mwanangu. Nikasema wasikie kutoka kwa mwenzao. Mimi nikiwaambia wananiona mzee."

"Nilisema sitaki mama ajue kwa njia nyingine. Ulikuwa umenishika kichwa nikisema!"

"Mama yako atajuaje? Kanisa letu na lenu ni mbali."

"Sasa neno langu liko Dubai nzima, Mama."

"Hiyo si mimi. Mimi nilimpa mmoja."

Ndivyo wote walivyosema. Kila mtu alimpa mmoja tu. Yule wa likizo alimrushia mmoja kabla ya kupanda ndege, huyo naye mmoja, na wapo walioniona kwenye basi la kampuni wakaanza kukanyaga sakafu kwa miguu, mbele, nyuma, kushoto, na kuangua kicheko.

Kufika kwa mama ilikuwa hivi, nilisimuliwa na binamu yangu. Kulikuwa na mkutano wa akina mama wa makanisa mengi, umefanyikia Kitale. Dada yule wa likizo akasimama kutoa onyo juu ya burudani za dunia. Kioo cha simu ni kidogo, watu ni wengi, kwa hiyo wakaishika maikrofoni karibu na simu ili kila mtu asikie. Mama yangu alikuwa benchi la nne na kikapu chake. Akanisikia nikitoka kwenye spika za kanisa.

Alinipigia jioni ile. Hakulia. Aliuliza, "Huyo madam anaitwa nani?" Nikamtajia. "Basi acha nikatubu kwa jina lake. Nimemwombea mabaya bure." Kisha akasema, "Baba yako alikungoja." Simu ikakatika, na sijui ilikatwa na mtandao au na mkono. Desemba sikwenda likizo. Nilihamia Al Barsha kwenye chumba cha kupanga na wasichana wa saluni, wanaowasha televisheni mchana kutwa, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kelele zake.

Watu huniuliza kama nilimchukia. Nilijaribu. Lakini kila nikianza, nakumbuka kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, na chuki inakosa pa kukaa. Kilichobaki ni kibaya zaidi ya chuki. Mtu akinitendea wema, naangalia mezani kwanza kuna nini.

Tulionana tena mwaka ule treni ilipoanza, ile isiyo na dereva. Watu wazima walikuwa wanaipanda bila safari, kwenda na kurudi, kwa raha tu. Mimi nilikuwa natoka kazini mchana. Nikaingia behewa la wanawake, na kwenye dirisha la mwisho, pale unapoona reli zinakimbia nyuma yako, alikuwepo Mama Mlezi amekaa kama mtoto, simu mkononi, anarekodi.

"Mwanangu!" Alisema kama tuliachana jana. "Njoo, njoo. Narudi nyumbani kabisa wiki ijayo. Nimemaliza. Shika hii unirekodi, niwapelekee waone."

Nikaishika. Sijui kwa nini niliishika. Akakiweka sawa kitambaa cha kichwa, akaangalia kamera, na sauti ikabadilika ikawa ile ya mahubiri: "Watu wa Mungu, dunia imefika hapa! Gari linakwenda, na dereva hakuna. Angalieni msiwe kama hili gari." Mama mmoja wa Kifilipino akatabasamu. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha.

"Mama," nikasema, "mbona ilikatwa?"

"Nini?"

"Ile yangu. Walisema inaishia nikiendelea kucheza. Haikufika niliposema nitampigia mama magoti. Haikufika niliposema nimelala kwenye mashine. Mama yangu anafikiri niliyasema yale nikakaa chini."

Nilikuwa sijawahi kuiangalia, lakini binamu yangu alikuwa amenieleza neno la mwisho. Mama Mlezi akasema kitu ambacho sikukitarajia, na kwa aibu ya kweli, akiangalia mikono yake.

"Simu ilijaa. Nilikuwa nimepiga picha za keki. Unajua hoteli ile, harusi zao, keki ya ghorofa saba ina taa na chemchemi ndani, na moja ilitoa njiwa. Kila wiki nilikuwa napiga. Sikumwonyesha mtu. Nilikuwa naziangalia peke yangu kabla ya kulala. Zilikuwa nyingi, mwanangu. Ningejua ungesema maneno mazuri vile mwishoni, ningefuta keki."

Nilingoja aendelee. Nilidhani baada ya keki litakuja lile neno lenyewe, nisamehe kwa kukurekodi. Halikuja. Alichokijutia ni keki. Kwake, kosa lilikuwa nafasi.

"Lakini neno lako lilisaidia," akasema, uso ukirudi kung'aa. "Kuna vijana waliokoka."

"Sawa, Mama."

"Umenisamehe?"

"Safiri salama, Mama."

Nikamrudishia simu yake. Akashika vidole vyangu pamoja nayo, vyake bado vikinuka pasi, akavibana, akaniachia. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu. Yeye alibaki dirishani, na treni ilipoondoka niliona ameshainyanyua tena, anarekodi kituo, na mimi nikiwa ndani yake.

Kituo kilikuwa kipya, kinanuka rangi, na benchi lilikuwa na plastiki ambayo haijabanduliwa. Watu walikuwa wanapiga picha ngazi zinazojipandisha zenyewe. Nikakaa. Miezi yote ile mama na mimi tulikuwa tumezunguka jambo moja kama wanaozunguka shimo, yeye akidhani nimemaliza kusema, mimi nikidhani amemaliza kusikia. Na mwenye kuniombea ujasiri nilikuwa nimemwona anaondoka na behewa.

Nikapiga. Ikaita muda mrefu. Akilini nilimwona mama akikausha mikono kwenye leso, akiitafuta simu chini ya mto.

"Haloo? Kuna nini saa hizi? Mvua bado."

"Mama, usikate," nikasema. "Ile waliyokusikilizisha kanisani ilikatika katikati. Nakumalizia."